Dada sijiamini, nifanyeje? Mwongozo kwa anaeanza kabisa

Nnaandika haya mana suali ni lile lile moja, linanijia kila wiki na sura tofauti. Kuna msichana alikuja kujifunza kushona kwangu, mwezi mzima akawa anauchukua mkasi na kuurudisha mezani. Kuna kijana wa Jambiani aliitwa intavyuu ya hoteli akawa hataki kwenda, ati watamcheka Kiengereza chake. Kuna mama wa Chake Chake anapika mkate wa kumimina mtu anakula huku kafumba macho, lakini akiulizwa bei anasema "nipe chochote tu". Wote wanamalizia hapo hapo, dada mie sijiamini, nifanyeje. Basi nimekaa nimeyaweka pamoja yote ninayowaambia, hatua kwa hatua, na nakwambia mapema kabisa, ukisoma ukafanya utaona kitu, ukisoma ukaacha utabaki pale pale ulipo.

Mie fundi cherehani, niko Mwanakwerekwe, Unguja, mwaka wa 16 huu. Mengi ya humu nimeyapitia mwenyewe, mengine nimeyaona kwa wanafunzi wangu, na machache nimeyasoma.

Kabla hujaanza, elewa hichi kimoja

Fikiria mwenye duka wa mtaani kwenu. Anakukopesha unga na mafuta kwa sababu gani? Hujasimama mbele ya kioo ukajisemea mara mia kuwa wewe muaminifu. Anakukopesha kwa sababu mara ya kwanza alikupa boflo na kiberiti, ukarudi kesho yake ukalipa, akachukua daftari akakufuta. Mara ya pili akakupa kilo ya sukari, ukalipa. Sasa hivi hata mfuko wa mchele anakutolea. Na yule mwengine kila siku "ntakuja jioni" na jioni haji, hata aje na kanzu nyeupe na udi unanukia mtaa mzima, hapewi kitu.

Nafsi yako ina daftari kama lile. Kila unapojiahidi "kesho naanza" na kesho huanzi, unaandikwa deni. Miaka kumi ya madeni halafu siku moja ya intavyuu unataka nafsi ikuamini? Haikubali, na ina haki. Kwa hiyo kazi yetu humu ni moja, kulipa kidogo kidogo mpaka ukopesheke.

Nadharia ni hiyo tu. Ukitaka ya wasomi, mwanasaikolojia Albert Bandura, mzaliwa wa Kanada aliefundisha Marekani, aliandika mwaka 1977 kuwa mtu anapata imani ya kuliweza jambo kwa njia nne: kulifanya mwenyewe likakubali, kumuona mtu kama yeye analifanya, kutiwa moyo na watu, na namna anavyousikia mwili wake wakati ule. Na akasema ile ya kwanza, kulifanya mwenyewe, ndo yenye nguvu kuliko zote. Mwenye duka wa mtaani analijua hilo siku nyingi.

Unahitaji nini

Daftari dogo la karatasi na kalamu. Si simu, tafadhali. Ukifungua simu uandike mstari mmoja unajikuta nusu saa uko kwenye status za watu, na status za watu ndo zinazokufanya ujione huna kitu.

Dakika 10 kwa siku, wakati ule ule. Wengi wanafanya baada ya swala ya alfajiri kabla watoto hawajaamka, wengine baada ya isha.

Jambo MOJA. Si maisha yako yote.

Mtu mmoja wa kumwambia, mwenye kifua cha kuweka siri. Mmoja tu, sababu yake ntaieleza mbele.

Siku 40. Si namba ya ajabu, ni muda unaotosha uone mabadiliko na si mrefu hata ukate tamaa.

Hatua ya 1. Ipe shaka yako jina

"Sijiamini" ni gunia, ndani mna vitu vingi na huwezi kulibeba lote. Fungua utoe kimoja. Andika: sijiamini kufanya NINI, mbele ya NANI. Yule msichana wangu kwanza aliandika "sijiamini kwenye ushoni". Nikamwambia hapana, ushoni gani, mbona mashine unaikanyaga vizuri na pindo lako limenyooka? Kakaa, kafikiri, kaandika "sijiamini kukata kitambaa cha mteja". Umeona? Gunia zima limekuwa kitu kimoja cha dakika tano. Yule wa Jambiani alidhani hajiamini kwa kila kitu kumbe anaogopa kimoja, asahau neno katikati ya sentensi watu wakimuangalia.

Onyo: usiandike tabia yako ("mie muoga", "mie mjinga"). Andika kitendo. Tabia huwezi kuifanyia mazoezi kesho asubuhi, kitendo unaweza.

Hatua ya 2. Jiulize sauti ile ni ya nani

Ile sauti inayokwambia huwezi, mara nyingi ukiisikiliza vizuri ina mtu. Andika inavyosema, neno kwa neno, halafu andika umeisikia wapi mwanzo.

Yangu mie ilikuwa ya darasa la sita. Mwalimu wa hesabu alinisimamisha mbele ya darasa, nimekosea kugawanya, akanambia wewe kichwa maji, hesabu huziwezi mpaka ufe, na darasa zima likacheka. Mie nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, nimezaa, nakaa kwenye cherehani na futi shingoni, na kila nikitaka kugawa kifua cha mteja kwa nne namsikia mwalimu yule. Zaidi ya miaka 20 alikuwa anakaa kibandani kwangu bila ya kulipa kodi! Siku nlipoandika kwenye daftari "haya ni maneno ya mtu mmoja, siku moja, kwa mtoto wa miaka 12" nililia, sikufichi. Halafu nikaandika pembeni magauni yangapi nimeshagawa hesabu zake na zikatoka sawa.

Hutaki kuwasamehe waliokwambia maneno yale sasa hivi, basi, hilo lako na Mola wako. Kwenye hatua hii unachotakiwa ni kujua tu kuwa ile sauti si yako, umeiazima.

Wengine hawampati mtu. Hapana neno, pita, nenda hatua ya tatu.

Hatua ya 3. Ahadi ndogo kwa siku 14

Hapa ndo boflo na kiberiti. Kila siku jiahidi kitu kimoja kidogo, kifanye, kiandike. Masharti yake:

a) Kisizidi dakika 10.
b) Kisimtegemee mtu mwengine. "Ntapata mteja mmoja leo" si ahadi, hilo liko kwa mteja. "Ntampigia simu mtu mmoja" hiyo ni ahadi.
c) Kiwe na ndio au hapana. "Ntajitahidi" haina ndio wala hapana.
d) Kihusiane na jambo lako la hatua ya 1, japo kwa mbali.

Msichana wangu ahadi zake za wiki ya kwanza zilikuwa kuchora umbo la mkono kwenye karatasi ya kaki na kulikata. Basi. Karatasi moja kwa siku. Mama wa mkate alijiahidi kuandika bei kwenye kipande cha boksi kila asubuhi, hata kama hakioneshi kwa mtu. Kijana wa Jambiani alisoma kwa sauti ukurasa mmoja wa Kiengereza akiwa peke yake pwani wakati maji yamekupwa, pale hamna wa kumcheka ila kaa.

Ukishafanya weka alama na tarehe. Siku hujafanya usiweke kitu, acha mstari mtupu, usijitukane. Daftari la dukani halina matusi, lina kalipa na hajalipa.

Onyo, na hapa ndo wanapoanguka watu saba katika kumi wa kwangu: siku ya nne mtu anajiona kashajua, anaongeza. Kutoka karatasi moja anataka akate gauni zima. Linaharibika, anarudi nyuma kuliko alipoanza, na anakuja kunambia "si nilikwambia dada mie siwezi". Siku 14 zote ziwe ndogo. Hata ukiona unachoka kwa wepesi wake, baki.

Hatua ya 4. Tengeneza ngazi

Siku ya 15 chukua lile jambo lenyewe unaloliogopa, liandike juu kabisa ya ukurasa. Chini kabisa andika toleo lake dogo ambalo hata sasa hivi unaweza. Halafu jaza katikati vidato vitano au sita.

Yule Bandura nliyemtaja walikuwa na wenzake wakiwatibu watu wanaoogopa nyoka, na walifanya hivi hivi. Kwanza mtu anamuangalia mwenzake anamshika nyoka, halafu anasogea karibu, halafu anagusa na glavu, halafu mkono mtupu. Hakuna aliyetupiwa nyoka mapajani siku ya kwanza. Lakini sisi nafsi zetu tunazitupia nyoka kila siku halafu tunashangaa zinakimbia.

Ngazi ya kijana wa intavyuu ilikuwa hivi, kutoka chini:

1) kujibu "jielezee wewe ni nani" peke yake, anajirekodi kwa simu, hamtumii mtu
2) kujisikiliza ile rekodi mpaka mwisho bila ya kuzima (hichi kidato alikichukia kuliko vyote)
3) kujibu mbele ya dada yake jikoni
4) kumsalimia mgeni mmoja njiani na kumuelekeza njia akiulizwa
5) kukaa na rafiki yake anaefanya kazi hotelini, avae kama anakwenda intavyuu kweli, aulizwe masuali kumi
6) intavyuu yenyewe

Na kwa mtu ambae kusikika tu mbele za watu ni tabu, kidato cha kwanza kizuri sana ni ndani ya daladala. Sema "nishushe" kwa sauti inayomfika konda mara ya kwanza, bila ya kumgusa wa mbele akusemee. Najua kuna watu wanapitishwa vituo viwili kwa haya, na wanarudi kwa miguu juani. Anza hapo.

Kidato kimoja kirudie mpaka kikuchoshe. Namna ya kujua uhamie cha juu ni hiyo, ukiona kinakuchosha badala ya kukutisha.

Na hapa tafuta mtu anaefanana na wewe alieshapita. Si nyota wa sinema, mtu wa sawa yako. Msichana wangu hakusaidika kabisa kuniangalia mie nikikata, mana kwake mie nishakuwa mwalimu, alisaidika siku alipomuona mwenzake alieanza nae mwezi mmoja anakata dera.

Hatua ya 5. Ujue mwili wako

Moyo utakwenda mbio, viganja vitatoka jasho, koo itakauka. Watu wengi wanaichukulia hiyo kama dalili kuwa hawawezi, ni mwili tu unajitayarisha. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe taratibu kwa hesabu ya 6, mara tano. Kula kitu kabla, usende na njaa. Halafu fanya hivyo hivyo mkono ukitetemeka. Usingoje usitetemeke kwanza, utangoja sana.

Hatua ya 6. Jifunze kurekebisha (hii usiiruke)

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nlikuwa najua kushona lakini kukata siwezi. Kitambaa cha mtu kikishatandikwa mezani mkono unakataa. Nakumbuka pande la hariri rangi ya zambarau, mita 4, bibi mmoja kaletewa na mwanawe kutoka Maskati, gauni la harusi ya mjukuu. Nimempima kifua inchi 38. Gawa kwa 4, tisa na nusu, ongeza inchi moja ya kupumua na nusu ya mshono, inakuja 11. Nimeandika 11 kwenye karatasi. Nikaifuta. Nikagawa tena, 11. Nikachora kwa chaki, nikaipangusa kwa kiganja mpaka hariri ikapata ukungu mweupe, nikapima upya, nikachora tena, na jasho la mkono linaacha doa pale ninapoegemea. Mwisho nimekikunja nimempelekea fundi wa kibanda cha pili, akakata kwa dakika mbili, nikampa nusu ya ujira wangu. Na alikata pale pale kwenye 11.

Nimefanya hivo miezi minane, nusu ya ujira kila nguo. Mpaka kumi la mwisho la Ramadhani yule fundi akapanda boti kwenda kwao Pemba kula sikukuu, mie nikaachwa na vitambaa tisa vya watu na Idd ndo ile inakuja. Nikakata vyote. Vinane vimetoka sawa na wallahi leo sikumbuki hata rangi zake. Kile cha tisa mkono wa kushoto umetoka mfupi inchi mbili. Nimekaa chini nimeuangalia ule mkono, nimesema basi nimekwisha, halafu baada ya dakika kumi nikainuka nikatafuta utepe wa lesi, nikaupunguza na mkono wa kulia ulingane, nikaunganisha lesi yote miwili. Mwenyewe akavaa Idd, na baada ya sikukuu akaja mwenzake anataka mikono kama ile.

Tangu siku ile mkono haujakataa tena. Vile vinane havikunifundisha kitu, niliona nimebahatisha. Kile kimoja kilichoharibika ndo kilichonifundisha, mana nimeona kwa macho yangu kuwa nikiharibu najua cha kufanya.

Kwa hiyo sasa wanafunzi wangu nawaharibisha makusudi. Nawapa kanga chakavu, nawaambia kata mkono mfupi, kata shingo pana mno, haya sasa okoa. Na wewe fanya hivo kwa jambo lako. Wa intavyuu, asahau neno makusudi katikati ya jibu na ajizoeze kusema kwa utulivu kuwa anaomba aanze tena. Mama wa mkate, mtu wake wa siri ajifanye mteja, amwambie "ghali bwana", na yeye ajizoeze kujibu "bei yangu ndo hiyo, ukichukua mitatu nakupunguzia" bila ya kushusha macho. Andika kwenye daftari makosa matatu unayoyaogopa na mbele ya kila moja andika utafanya nini likitokea. Ukurasa huu ndo wenye thamani kuliko zote.

Hatua ya 7. Macho ya watu

Kisiwa chetu kidogo, kila mtu anamjua mama yako. Ukianza kitu Jumamosi, Jumapili barazani wanacho. Ndo mana nimesema mtu mmoja tu wa kumwambia. Ukiwatangazia watu kumi unapata maoni kumi kabla hujakata hata karatasi, na wengine si wabaya, wana khofu zao tu wanakugawia.

Na ukichekwa? Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, alizaliwa Fumba, kwao kazi ni ufinyanzi, akawa analeta vyungu mjini kuuza. Watu walimsema mpaka sura yake, wakamsema kwa kutoka shamba. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na santuri zake zikauzwa pwani nzima ya Afrika Mashariki. Aliendelea kuimba na wao wakaendelea kusema, vyote viwili vilikwenda pamoja. Sikwambii na wewe utakuwa Siti, nakwambia usisubiri watu wanyamaze ndo uanze.

Hatua ya 8. Maamuzi yawekee siku

Kuna wenye shaka ya kufanya, na kuna wenye shaka ya kuamua. Nifungue biashara nisifungue, niende Dar nisiende. Kwa hao, andika pande mbili kwenye daftari, muulize mtu mmoja au wawili wanaolijua jambo lenyewe (si wanaokupenda tu), sali istikhara yako (sala ya kumuomba Mungu akuchagulie lenye kheri), na weka tarehe. Ikifika unaamua.

Nasema kitu hapa na mnisamehe. Watu wanaifanya istikhara kuwa pahala pa kujificha, "bado sijaota". Masheikh wameshasema sana kuwa ndoto si sharti, unasali unaendelea na jambo, likiwa na kheri litakunjuka. Na tunaijua wote hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu kamuuliza Mtume (S.A.W.) amfunge ngamia wake atawakali, yaani amtegemee Mungu, au amuache atawakali, akaambiwa mfunge na utawakali. Kufunga ni kazi yako.

Hatua ya 9. Lisome daftari

Kila Alhamisi usiku fungua kuanzia ukurasa wa kwanza, usome tu. Tulipokuwa chuoni tukisoma Kurani tulifundishwa, ukiwa na yakini umetia udhu halafu ukaingiwa na shaka umetenguka au hukutenguka, udhu wako uko pale pale, yakini haiondoshwi na shaka. Sasa daftari ndo yakini yako. Usiku wa manane wasiwasi ukikujia kuwa hujawahi kufanya kitu, uoneshe tarehe.

Ukikwama

Kila kifungu hapa kinaanza na mnalonambia, halafu jibu langu. Nimeacha siku tatu. Anza leo, usilipe za nyuma. Ukijaribu kulipa tatu kwa mkupuo utaacha na ya nne. Ikiwa unaacha acha kila wiki basi ahadi yako kubwa, ikate nusu.

Nimefanikiwa lakini najiona nimebahatisha, siku moja watanigundua. Hilo lina watu wengi mno. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika juu ya wanawake zaidi ya 150 wenye mafanikio makubwa, wasomi na wenye kazi za maana, ambao ndani ya nafsi zao walijiona wamewadanganya watu. Dawa yangu ni hii: kila ukifanikiwa andika ulifanya NINI hasa mpaka likakubali. "Nilipima mara mbili, niliuliza, nilikesha." Bahati haina orodha ya kazi.

Naogopa kuonekana najidai. Mwenye kujidai anawapima wenzake, wewe unapima kazi yako. Mtu akikusifia sema "ahsante, alhamdulillah" ukome hapo. Usianze kuutaja mshono uliopinda ambao hata hakuuona. Hii tabia ya kujishusha ukisifiwa tunaiita adabu lakini mara nyingi ni khofu imevaa buibui.

Naogopa jicho. Soma dua zako, na usiweke status ya kitu ambacho hakijamalizika. Lakini kazi usiifiche kwa mteja, mkate uliofunikwa haununuliwi.

Mume wangu au wazazi wananikatisha tamaa. Usibishane kwa maneno, mana maneno unayo machache sasa hivi. Fanya zile siku 14 kimya kimya. Msichana mmoja baba yake alikuwa anasema anapoteza wakati, alimshonea kanzu, mzee kaivaa Ijumaa, suala likaisha. Wengine hawatobadilika hata ukiwashonea kanzu kumi, hao waheshimu, wasikilize, na uendelee.

Nimefanya yote lakini moyo mzito, sipati usingizi, sina hamu ya chakula, wiki ya pili au ya tatu sasa, au nafikiria bora nisiwepo. Hapo acha daftari. Hilo si la kujiamini tena, ni maradhi kama maradhi mengine na yana matibabu. Mwambie mtu leo leo, nenda kituo cha afya cha karibu au hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu kama uko mjini. Watu wakisikia Kidongo Chekundu wanasema wazimu, waache waseme. Nimempeleka mtu wangu wa karibu pale, na leo yuko kazini kwake.

Siku 40 zimeisha, nifanye nini? Funga daftari, liweke kabatini, usilitupe. Chukua jipya na jambo la pili. Yule wa Jambiani intavyuu ya kwanza hakuchukuliwa, ya pili kachukuliwa, sasa yuko ngazi ya kuomba nyongeza ya mshahara. Msichana wangu juzi kakata dera la mteja, kakata huku anaongea. Na mie niko siku ya 19 ya daftari langu, jambo lenyewe kuendesha Vespa. Kidato cha tatu, nazunguka uwanja wa skuli asubuhi kabla watoto hawajaingia, kona ya kushoto bado inanitisha, ya kulia imeshaanza kunichosha.